Tabuleti Inayogeuka Laptopu: Kabla Hujatoa Akiba Yako

Mwezi wa tatu mwaka huu laptopu yangu ya chuo ilikata roho. Si ati ilianguka ama ilimwagiwa chai. Bawaba za skrini zilikuwa zimelegea tangu nikiwa mwaka wa nne, na siku moja nikiifungua ndani ya matatu, waya wa skrini ukakatika. Fundi akaniambia kuitengeneza ni shilingi 9,000, kisha akaongeza kwa upole kwamba yeye mwenyewe hangeweka hiyo pesa humo. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Mimi hufanyia maduka madogo kazi ya masoko. Napiga picha za bidhaa, natengeneza mabango ya bei, napanga katalogi ya WhatsApp Business, na mwisho wa mwezi nakaa na mwenye duka tunapitia mauzo kwenye Excel. Sina ofisi. Ofisi yangu ni kaunta ya mtu mwingine, kiti cha matatu, na meza ya keja yangu usiku. Kwa hivyo nilipoanza kutafuta mashine mpya, kila tangazo lililonivutia lilikuwa la kile kifaa cha mbili kwa moja: ukikishika hivi ni tabuleti, ukibandika kibodi ni laptopu. Kwenye picha kuna kijana kama mimi, amesimama mkahawani, anatabasamu.

Nilikuwa na shilingi 38,000, akiba ya miezi sita niliyoifungia kwenye simu ili nisiiguse. Ndani yake mlikuwa na kodi ya mwezi mmoja, ile ya dharura. Hiyo ndiyo pesa iliyokuwa mezani. Ningekosea, singekuwa na mashine wala kodi.

Maoni yangu nayasema mapema: vifaa hivi ni vizuri kwa watu wachache, na wengi wanaovitamani si hao wachache. Mimi mwenyewe nilikaribia kununua kisichonifaa, na nilijua kidogo kuhusu haya mambo. Wacha nieleze.

Kwanza ujue kwamba "mbili kwa moja" si kitu kimoja. Kuna ile ambayo skrini ndiyo kompyuta yenyewe na kibodi inabanduka, kama Microsoft Surface Pro au HP Elite x2. Kuna ile ambayo kibodi haitoki ila skrini inazunguka nyuzi 360 hadi ikalala mgongoni, kama Lenovo Yoga na HP x360. Halafu kuna tabuleti za kawaida, iPad au za Android, zinazouzwa na kibodi pembeni. Hii ya tatu watu huiita laptopu kwa heshima tu. Ni simu kubwa yenye kibodi, na programu zake ni za simu. Kwa kuandika barua na kutazama video hakuna shida. Lakini kama mhasibu wako anatumia programu ya Windows, hapo utakwama.

Na kukwama huko hata wakubwa kumewapata. Mwaka 2012 Microsoft walitoa Surface RT, ikiwa na sura na jina la Windows, lakini haikuweza kuendesha programu za kawaida ambazo watu walikuwa nazo kwenye kompyuta zao. Watu hawakuinunua kama walivyotarajia, na mwaka uliofuata kampuni ikaandika hasara ya dola milioni 900 kwa sababu yake. Kwa hivyo ukiona kifaa chembamba cha bei rahisi, kabla ya kuuliza rangi, uliza: programu ninayofanyia kazi itaingia humu? Mwambie muuzaji aifungue ukiona. Akisema "hiyo utadaunilodi ukifika nyumbani", wewe usifike nyumbani nayo.

Rafiki yangu tuliyesoma naye aliniachia ya kwake kwa wiki moja, ile ya kubandua. Nilijifunza zaidi kwa siku hizo kuliko kwa video zote nilizotazama.

Jumatatu niliipeleka Kariobangi kwa mama mmoja anayeuza mitumba ya watoto. Duka lake halina kiti cha mgeni. Nilibandua kibodi, nikasimama naye kwenye kaunta, tukawa tunapitisha picha kwa kidole. Hii sijawahi kuweza na laptopu, kwa sababu laptopu unaishikilia kwa mkono mmoja kama sinia huku ukiomba isianguke. Mama akaniuliza, "Kijana, hii ni simu ama ni kompyuta?" Nikamwambia ni zote mbili. Akacheka. "Sasa hiyo kibodi yake umeiweka wapi? Isije ikauzwa hapa na nguo." Alichagua picha tisa mwenyewe. Hapo moyo wangu ulikuwa umeshanunua.

Aibu ilikuja dakika chache baadaye. Rafiki yangu alikuwa ameunganisha simu yake na hicho kifaa, ujumbe wa simu unatokea kwenye skrini. Mama akiwa anaangalia soksi, juu kabisa pakapita ujumbe wa kukumbusha mkopo wa simu, na kiasi kinachodaiwa. Mkopo haukuwa wangu, lakini nieleze aje? Hilo nitalirudia, kwa sababu lina hatari kuliko aibu.

Jumanne nikaibeba kwenye matatu ya Thika Road, nikitaka kumaliza bango kabla ya kufika mjini. Kifaa cha kubandua kinasimama kwa mguu wa nyuma, na huo mguu unataka nafasi. Mezani ni sawa. Kwa magoti, ndani ya matatu ya viti 14, mguu unatafuta goti na haulipati. Dereva akafunga breki, skrini ikaanguka juu ya mfuko wa sukuma wiki wa jirani. Alinisamehe. Siku hiyo nilimalizia kazi kwa simu.

Alhamisi stima ikapotea mtaani kwetu tangu saa kumi jioni. Nina pawabenki nzuri, nikajua niko salama. Lakini wapi. Surface Pro za zamani, zile za kabla ya toleo la 7 lililotoka 2019, hazina tundu la USB-C. Zinachajiwa kwa kiunganishi chake maalum cha sumaku, na pawabenki ya kawaida haikijui. Betri ilikufa saa mbili na nusu, bango likiwa nusu. Tangu hapo, swali langu la kwanza dukani si bei. Ni: inachaji kwa USB-C? Kama mtaa wenu stima ni ya kubahatisha, hili swali ni la pesa.

Baada ya hiyo wiki nilijua mambo mawili. Skrini ya kugusa ningeitumia kweli, karibu kila siku, kwa wateja wangu wanaosimama. Na kibodi ya kubanduka singeiweza, kwa sababu nusu ya maisha yangu ya kazi iko kwenye magoti. Nikaanza kutafuta ile ya kuzunguka, mzee wa bawaba mbili. Ni nzito kidogo ukiishika kama tabuleti, mkono unachoka. Lakini inakaa gotini kama laptopu ya kawaida.

Sasa wewe. Kama mtandaoni wewe huangalia bei, husoma habari, hutazama video na kujibu wateja WhatsApp, naomba nikwambie bila kuzunguka: simu yako inatosha. Usinunue. Kuna siku mbili tatu kwa mwaka utataka skrini kubwa, kwa mfano kujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni. Siku hizo nenda saiba, lipa, ukimaliza toka kwenye akaunti yako na ukatae brauza ikikuuliza kama ihifadhi nywila. Shilingi elfu arobaini kwa ajili ya siku tatu ni nyingi sana. Hiyo pesa ni stoki.

Anayefaidika na mbili kwa moja ni yule anayeonyesha kitu akiwa amesimama na baadaye anaandika akiwa ameketi: wakala wa bima, mwalimu wa tuisheni anayechora, mpima ploti, mtu wa mauzo. Kama hufanyi vyote viwili, laptopu ya kawaida ya bei hiyo hiyo itakuwa na nguvu zaidi. Ukilipa kwa ajili ya mzunguko wa skrini, kuna mahali pengine umepunguziwa.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, zile wanaziita ex-UK, na mimi sioni ubaya. Ubaya ni kununua umri bila kujua. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, maana yake haipati tena masasisho ya bure ya usalama ya kawaida. Windows 11 nayo, kwa jumla, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Sasa tembea Luthuli Avenue na Moi Avenue uone ni mashine ngapi maridadi ni za kizazi cha 6 na cha 7. Zinang'aa, ni nyembamba, bei imeshushwa, na watu wanafikiri wamepata. Kusoma kizazi si kazi ngumu. Kwenye jina la prosesa, baada ya i5 kuna tarakimu: i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8350U ni cha 8. Muuzaji mmoja aliniambia hiyo haina maana, Windows 11 ameiweka na inafanya kazi. Inaweza kuwekwa kwa njia za panya, ndio. Lakini Microsoft hawakuahidi kuendelea kuihudumia mashine kama hiyo, na mimi ndiyo mashine ninayofungulia barua pepe ya kazi.

Betri nayo ina ushahidi wake. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na kompyuta itatengeneza ripoti. Angalia nambari mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa. Moja niliyoijaribu ilikuwa imebaki na chini ya nusu, na muuzaji alikuwa ameniapia inakaa "saa sita, brathe". Na kwa hizi nyembamba, pitisha kidole pembezoni mwa skrini. Ikiwa imeinuka mahali, betri imevimba. Rudisha mezani polepole, ondoka.

Kuna mtego mwingine ambao karibu unimeze. Mashine nyingi za ex-UK zilikuwa za makampuni, na kampuni nyingine hazikuzitoa kwenye mfumo wao wa usimamizi. Dukani inawaka vizuri. Siku ukiirudisha upya na kuiunganisha na intaneti, inakuletea jina la kampuni ya Ulaya na kukutaka uingie kwa barua pepe ya mfanyakazi. Hapo huna mashine, una sahani. iPad iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa zamani ni vivyo hivyo. Dawa ni kuomba irudishwe upya mbele yako, na iunganishwe na hotspoti yako ukiwa bado hujalipa. Inachukua muda, muuzaji atanuna. Mwache anune.

Tukifika kwenye kulipa, hapa ndipo nilipopoteza 3,000, na nasema wazi ili wewe usipoteze. Niliona tangazo mtandaoni, mashine safi, bei nzuri kupita kiasi. Muuzaji akasema kuna mteja mwingine yuko njiani, nitume ya kushikilia kwa nambari yake. Sio Till, nambari ya mtu. Jina lililotokea kabla sijaweka PIN halikuwa jina la duka wala jina alilonipa. Nililiona. Nikajiambia labda ni bibi yake. Nikatuma. Simu haikushikwa tena hadi leo.

Nilisoma masoko miaka minne. Najua kabisa ujanja wa "mteja mwingine yuko njiani", nimefanya mtihani juu yake. Bado nilituma. Kwa hivyo simcheki mtu yeyote. Ila sasa nina utaratibu: nafika dukani, naona kitu, najaribu, ndipo nalipa kwa Till au Paybill, nasoma jina la biashara kwenye skrini kwa sauti, likilingana na lililo ukutani naweka PIN. Halafu risiti, yenye nambari ya siri ya kifaa, ile ya kiwandani, imeandikwa. Ukinunua kwa ajili ya biashara iliyosajiliwa, itisha ya eTIMS, la sivyo KRA hawataihesabu kama gharama. Na ukituma kimakosa au umetapeliwa, piga simu kwa huduma kwa wateja papo hapo, usingoje kesho. Mimi nilingoja hadi jioni kwa aibu.

Kuhusu mkopo. Duka moja lilinipa mpango wa polepole: mashine ya 45,000 taslimu, niweke 8,000, kisha 150 kila siku kwa mwaka. Mia na hamsini ni nini? Ni chapati na maharagwe, na ndiyo maana huandikwa kwa siku. Lakini 150 mara 365 ni 54,750, ongeza 8,000, jumla 62,750. Tofauti ni 17,750. Kuna mtu ambaye hesabu hii inamfaa: kama mashine itamletea kazi wiki hiyo hiyo, na bila hiyo kazi haipo. Mimi sikuwa huyo. Simu ilikuwa inanisukuma wiki mbili tatu zaidi. Nikaamua kungoja na kuongeza akiba. Na kama lazima ukope, angalau mkopeshaji wa kidijitali awe kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Tangu kanuni za 2022 leseni ni lazima, na orodha huwekwa wazi kwa umma. Kuangalia ni dakika mbili.

Nilichonunua mwishowe ni ya kuzunguka, kizazi cha 8, RAM ya GB 8, inachaji kwa USB-C, kwa 36,500. Kodi ya dharura niliirudisha mahali pake, kwa sababu nilikuwa nimengoja hadi akiba ikafika 50,000 na kidogo. Herufi N inataka kubonyezwa kwa nguvu. Niliiona dukani, nikaombea punguzo la 1,000, nikapewa 500.

Siku ya kwanza nilifanya vitu viwili kabla ya kuweka hata picha ya ukutani. Kwanza, niliiambia Windows kwamba hotspoti ya simu yangu ni ya kulipiwa kwa kipimo, kwenye mipangilio ya Wi-Fi, ili isile bando langu kwa masasisho. Usipofanya hivyo, bando la mwezi litaisha kabla ya chakula cha mchana, na utalaumu mtandao.

Pili, sikuunganisha ujumbe wa simu na kompyuta. Kumbuka soksi za Kariobangi. Ujumbe mfupi ukionekana kwenye skrini kubwa, si mkopo tu unaonekana. Ni salio, ni majina ya waliokutumia, na ni zile nambari za siri za mara moja ambazo benki hukutumia. Mashine ikiibwa ikiwa wazi, mwizi hana haja ya simu yako. Mambo ya pesa nimeyaacha kwenye simu, laini iko huko, PIN iko kichwani. Na arifa zote nimezizima, kwa sababu hii skrini naionyesha watu.

Ukweli usemwe, kuigeuza tabuleti naigeuza mara chache kuliko nilivyodhani. Mara tatu kwa wiki, pengine nne. Nyumbani, kwa kuperuzi tu, bado nashika simu, kwa sababu kilo moja na nusu kitandani si mchezo. Lakini Jumamosi iliyopita nilikuwa tena kwa yule mama wa mitumba, skrini imelala juu ya kaunta kati ya suruali za shule, tukipitia mauzo yake ya mwezi. Alikuwa akisogeza safu kwa kidole mwenyewe. Akafika kwenye soksi, akaona zimeuza kuliko koti, akanyamaza kidogo. Kisha akanipa oda ya picha za soksi peke yake, na kunilipa nusu hapo hapo.